Korido Isiyo na Ajali

Kitu kilipokatika kiunoni mwa Islande Petitfrère, hakupiga ukelele. Alisema "samahani", na aliyeombwa samahani alikuwa Bwana Gustafson, mzee aliyepooza upande mmoja, mwenye uzito wa ratili mia tatu na kumi, ambaye wakati huo alikuwa mikononi mwake, nusu kitandani na nusu kwenye kiti cha magurudumu. Islande akamalizia kumkalisha. Akamfunga mkanda, akamfuta mate, akamsukuma hadi chumba cha kulia. Kisha akaingia chooni, akakomea mlango, akauma taulo, akalia humo dakika tatu nzima. Dakika ya nne ilimkuta anatandika kitanda cha mtu mwingine.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Usiniulize kwa nini hakumwambia mtu. Au uliza tu, maana jambo hili hunipandisha hasira kila nikilikumbuka, na hasira ya wawili ni nyepesi kuliko ya mmoja.

Thornmere ni nyumba ya wazee pale Brockton, kusini mwa Boston, na ina korido mbili. Ya mbele inatazama bustani. Huko wanakaa wazee wepesi, wanaotembea na mikongojo, ambao ugomvi wao mkubwa ni kahawa iliyopoa. Ya nyuma inatazama mapipa ya taka na maegesho ya magari, na huko ndiko wanakowekwa wazito: waliopooza, waliokatwa miguu, wanaogeuzwa kitandani kila saa mbili wasije wakaota vidonda. Korido ya mbele ilihudumiwa na akina Shannon, wazungu wazaliwa wa hapo hapo. Ya nyuma ilihudumiwa na wanawake wa Haiti. Hakuna mtu aliyewahi kuandika sheria hiyo mahali popote. Kila Ijumaa nesi mkuu, Bi Tierney, alipanga orodha ya zamu upya, na kila Ijumaa orodha ilitoka vile vile.

"Nyinyi wanawake wa Haiti mna nguvu za ajabu," alikuwa akisema, huku akimpigapiga Islande begani. "Sijui ningefanyaje bila nyinyi."

Nao walitabasamu! Hapo ndipo ninapotaka kutupa kiti. Kwao mtoto wa kike hukua akiambiwa kwamba mwanamke ndiye nguzo ya katikati ya nyumba, na nguzo, kama ujuavyo, haisemi imechoka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hawa kila waliposifiwa waliongeza mzigo.

Karibu na mlango wa wafanyakazi palikuwa na ubao wenye mistari miwili. Korido ya mbele: siku kumi na tisa bila ajali. Korido ya nyuma: siku elfu moja mia nne na mbili. Bi Tierney aliufuta na kuandika namba mpya kila asubuhi kwa kalamu ya kijani. Akina Islande walipita chini yake wakiwa na plasta za joto mgongoni, wakinukia mafuta ya mnyonyo waliyopakwa na wana wao kabla ya alfajiri, na hakuna aliyeinua macho kuutazama.

Hesabu ya siku hizo ilianza na mwenzao mmoja, Viergela. Bega lake lilichomoka, akajaza fomu ya ajali kama kitabu cha kazi kinavyoagiza. Wiki iliyofuata zamu zake zikapungua kutoka tano hadi mbili. Wiki ya tatu mtu wa ofisini akamwomba alete tena vibali vyake vya kukaa nchini, vile vile alivyokwisha kuvileta. Wiki ya nne hakuonekana. Labda mambo hayo hayakuhusiana. Lakini Islande, aliyekuwa mkubwa wao kazini kwa miaka kumi na minne, aliwakusanya wenzake chumba cha nguo chafu akawaambia la kufanya. Hakuna anayejaza fomu. Na kwa kuwa mtu akikutwa sakafuni fomu ni lazima, basi anayeanguka anainuliwa kabla nesi hajafungua mlango. Aliyekaa kwenye kiti anapumzika tu. Nani atamwandikia mtu fomu ya kupumzika?

Utaratibu huo aliubuni yeye mwenyewe, na ulimpa fahari.

Na ni yeye aliyemfundisha Wideline. Huyu alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye miezi mitano kazini na ndoto ya kusomea unesi. Islande ndiye aliyembeba kanisani siku ya ubatizo wake kule Léogâne, Haiti, kwa hiyo binti alimwita Marenn, jina la mama wa ubatizo, na kwa watu hawa jina hilo si la mchezo. Mama mzazi akifumba macho, marenn ndiye mama.

"Hii mashine ya kunyanyulia watu ni ya nini, Marenn?" Wideline aliuliza siku yake ya kwanza. Ilisimama kwenye kona, betri yake imekufa tangu kiangazi, wanawake wameitundikia makoti.

"Ya makoti," Anacia alijibu. Anacia alikuwa mama wa miaka sitini asiyeweza kupitisha neno bila kulitia chumvi. "Na ukiitazama sana itakudai kodi."

Wakacheka. Kisha Islande akamwonyesha kazi: unamkumbatia mzee, goti lako kati ya magoti yake, unamyumbisha kidogo, moja, mbili, tatu. Wideline alijifunza upesi. Miezi miwili baadaye alikuwa anamwinua Bwana Gustafson na mtu mmoja tu wa kumsaidia, na Islande alimsifu mbele ya wote.

Alhamisi ya wiki ile ya mgongo, wafanyakazi wote waliitwa chumba cha kulia. Alikuja mtu wa bima, Bwana Prescott, kijana mwenye suti ya kijivu na viatu visivyofaa kwenye theluji. Aliangaza picha ukutani: ramani ya Thornmere yenye vidoti vyekundu. Kila kidoti, alisema, ni ajali moja iliyoandikwa mwaka uliopita. Korido ya mbele ilikuwa na vidoti kumi na saba. Ya nyuma ilikuwa nyeupe, safi.

"Mnaona wenyewe," Bwana Prescott alisema kwa furaha ya kweli. "Wenzetu wenye asili ya Haiti huumia kidogo kuliko wazungu. Na si kidogo tu, hawaumii kabisa! Labda ni mwili, labda ni malezi. Hebu tuambieni, siri yenu ni nini?"

Watu wote wakageuka kumtazama Islande. Ikambidi asimame. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akajivuta juu polepole, jasho likimtoka chini ya kitambaa cha kichwa, na waliomtazama wakadhani ni haya.

"Tunasaidiana," alisema.

Wakampigia makofi. Bi Tierney alipiga kwa nguvu kuliko wote, macho yamemlengalenga machozi. Islande akakaa. Alikuwa na hofu ambayo hakuijua inatoka wapi, kama mtu aliyeshinda kesi ya uongo.

Hofu hiyo ilijieleza dakika mbili baadaye. Msaada unapelekwa penye hatari, alisema Bwana Prescott, hiyo ndiyo akili. Kwa hiyo Thornmere inanunua mashine mbili mpya za kunyanyulia, na zote zinakwenda korido ya mbele. Na kwa kuwa korido ya nyuma imethibitisha kwamba kazi inaiweza, kuanzia Jumatatu itabaki na wahudumu watatu badala ya wanne. Jocelène, wa nne wao, atahamia chumba cha kufulia.

Watatu waliobaki walikuwa Islande, Anacia na Wideline.

Kwenye chumba cha mapumziko Anacia alilitupa pochi lake mezani. "Mmesikia jamani? Sisi hatuumii. Mungu katufinyanga kwa udongo wa tofali. Sasa hili bega linalonikesha kila siku ni la nani? La jirani?"

"Shangazi, la jirani limepotea njia," Jocelène akasema, na wakacheka hadi wakashika mbavu.

Wideline hakucheka. "Marenn, mbona hatukumwambia pale pale?"

"Tumwambie nini?"

"Kwamba tunaumia. Kwamba hatuandiki tu."

"We mtoto," Islande alisema, "umesahau ya Viergela? Vibali vyako vinaisha mwezi gani?"

"Wa sita."

"Basi kunywa chai yako."

Binti akanywa. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na mimi nasema adabu nyingine ni msiba.

Shannon aliingia kupasha chakula chake, kifundo cha mkono kimefungwa bendeji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwaletea biskuti wakati wa Krismasi na akijua majina ya watoto wao. Islande, ambaye hakuwahi kumuuliza, siku hiyo alimuuliza.

"Hizo fomu, Shannon. Umejaza ngapi mwaka uliopita?"

"Nne. Hata droo ikinibana kidole naandika. Mjomba wangu alikuwa zimamoto, alinifundisha: kisichoandikwa hakikutokea. Mwezi wa tatu nilikaa nyumbani wiki mbili na malipo yakaja."

"Na hawakukufukuza?"

Shannon alimtazama kama hajaelewa swali. "Wanifukuze kwa nini? Si niliumia kazini?"

Hakulisema kwa kiburi. Alilisema kama mtu anayekutajia saa, na hapo ndipo Islande alipoona umbali uliokuwa kati ya korido zile mbili, ambazo mlango mmoja tu ulizitenganisha. Shannon akaendelea kumtazama.

"Islande, umesimama kama mama yangu alipotoka kupasuliwa. Umeumia?"

"Nimelala vibaya tu."

Shannon hakubishana naye. Alitoka, akarudi na fomu tupu, akaiweka mezani karibu na kikombe cha Islande, akachukua chakula chake.

Jumapili baada ya ibada walikula supu ya maboga kwa Mimose, mama yake Wideline. Mimose alisafisha vyumba hotelini na alimwita Islande komè, kama wanavyoitana wazazi na mama wa ubatizo. Kulikuwa na joto jikoni, madirisha yamefanya ukungu, na Mimose alikuwa akisimulia habari za mgeni aliyemwacha mjusi wa kufugwa bafuni. Islande alicheka, kisha akamwona Wideline mbele ya jiko. Binti alikuwa anakoroga sufuria kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umekunja ngumi na kuikandamiza kiunoni, upande wa chini, pale pale.

"Tangu lini?" Islande alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Usinichezee. Tangu lini?"

"Siku ya Krismasi." Wideline aliushusha mkono. "Si kitu, Marenn. Napaka mafuta."

Mimose akageuka na bakuli. "Mnanong'ona nini nyinyi wawili? Komè, mwambie huyo ale. Kazi yenu inamkausha. Lakini sina wasiwasi, najua yuko na wewe."

Supu ilimshinda Islande. Aliaga mapema, akaingia kwenye gari lake lililofunikwa na theluji, akawasha hita, na papo hapo uani kwa komè wake akaitoa mkobani ile fomu ya Shannon, akaijaza juu ya usukani. Aliandika siku, saa, jina la Bwana Gustafson, mahali palipokatika. Aliandika kwamba mashine ya korido ya nyuma haina betri tangu kiangazi. Aliandika taratibu kuliko siku alipoandika ombi la uraia. Akatia sahihi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa sare ya kazi iliyokuwa kiti cha nyuma. Mficha maradhi kilio humfichua, alijiambia, na kilio hicho hakukitaka kitoke nyumba ile.

Jumatatu Bi Tierney alikuwa mlangoni, akiwa na kalamu yake ya kijani. "Hawa hapa majabari wangu!" alisema. Islande akaingiza mkono mfukoni, akaigusa karatasi. Nyuma yake Anacia alikuwa anavua koti, na Wideline, na kengele za wagonjwa watano zilikuwa zinalia kwa pamoja kwa sababu asubuhi hiyo mikono ilikuwa sita badala ya minane.

Baada ya kifungua kinywa, aliamua. Wazee wakishakula.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Bwana Gustafson alikuwa na miadi ya daktari wa moyo, na gari la kumchukua lilikwisha fika, dereva anapiga honi karibu na mapipa. Wideline alichungulia chumba alichokuwemo Islande.

"Marenn, njoo tumweke Gustafson kwenye kiti. Dereva anafoka."

Islande alikuwa ameinama kwenye sinki. Alikuwa ameinama kwa dakika mbili, kwa sababu kiuno kilikuwa kimejifunga na hakuweza kunyooka. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: siwezi, nimeumia. Binti angesubiri. Binti angekwenda kumwita Anacia, hata kama Anacia alikuwa amemwogesha mtu nusu. Lakini miaka kumi na minne haitoki mdomoni kwa asubuhi moja.

"Nakuja," alisema bila kugeuka. "Nipe dakika tano."

Wideline akaenda. Honi ikalia tena. Islande alikuwa anahesabu pumzi, akijinyoosha kidogo kidogo kwa kuushika ukuta, aliposikia kupitia ukutani sauti aliyomfundisha mwenyewe: "Haya baba, pamoja. Moja, mbili..."

Ya tatu haikusikika. Kilisikika kishindo, na chuma kikibingirika.

Alifika pamoja na Anacia. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimepinduka. Wideline alikuwa chali sakafuni, mgongo wake umelalia chuma cha kuwekea miguu, na Bwana Gustafson alikuwa juu yake. Wakamvingirisha mzee pembeni, wakamtilia mto kichwani. Hakuwa ameumia. Akili yake ilikuwa nzima siku zote, ulimi tu ulikuwa mzito, na sasa aliunyanyua mkono wake mmoja mzima.

"Mwacheni," alisema. Lilitoka polepole lakini lilitoka wazi. "Mwacheni hapo hapo alivyo."

"Nyamaza baba," Anacia alimwambia, "wewe ulishafanya yako."

Uso wa Wideline ulikuwa na rangi ya majivu. Mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza, kiatu kikikwaruza sakafu, kwaru, kwaru, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Islande alikiona kiatu hicho vizuri. Alikuwa amepiga magoti karibu nacho.

"Marenn," Wideline alisema, "niinue kabla hajaja."

Na kweli alikuwa anakuja. Funguo za Bi Tierney zilisikika mwisho wa korido, zikigonga kwenye nyonga yake, hatua za haraka. Ile fomu ilikuwa mfukoni mwa Islande. Alihisi kona yake ikimchoma tumbo alivyoinama. Angeweza kukaa pale pale sakafuni, akakishika kichwa cha mtoto wake, akasubiri mlango ufunguliwe. Hilo tu lilikuwa linatakiwa, kutofanya kitu.

Lakini mikono ilikwisha kwenda. Mikono ilikuwa na desturi yake. Ilipita chini ya makwapa ya Wideline yenyewe, na Anacia akashika chini ya magoti, na sauti ya Islande ikahesabu: moja, mbili, tatu.

Wideline alitoa mlio ambao Islande hakuwahi kuusikia kwa binadamu yeyote katika nyumba ile, nyumba ambayo watu hufia humo kila mwezi. Wakamkalisha kwenye kiti cha wageni. Anacia akamvuta sketi, akamfuta vumbi begani, akamwekea mikono mapajani vizuri. Mlango ukafunguliwa.

"Kuna nini hapa?" Bi Tierney aliuliza. Alimwona Gustafson. "Mungu wangu, amekuwaje?"

"Ameteleza, madam," Anacia alisema. "Tumemlaza taratibu. Hajaumia."

"Na huyu?"

Wideline alitabasamu. Nasema alitabasamu, midomo ikiwa mieupe, kama alivyofundishwa. "Niko sawa, madam. Nimekaa kidogo tu."

Islande alikuwa anatazama chini. Kiatu kilikuwa kimenyamaza. Miguu yote miwili ilikuwa imekaa sakafuni kama walivyoiweka, mmoja umepinda kwa ndani, na mwenye miguu hakuurekebisha.

"Marenn," Wideline alisema kwa sauti ndogo, bado anatabasamu, "mbona siisikii?"

"Ita ambulensi," Islande alimwambia Bi Tierney.

"Ya Gustafson?"

"Ya mtoto wangu! Ita!" Ilikuwa mara ya kwanza kumpigia kelele mzungu tangu akanyage nchi ile, na Bi Tierney alitoka mbio bila kuuliza tena.

Hospitali waliwaweka kwenye chumba kidogo chenye viti vya plastiki. Mimose alikuja moja kwa moja kutoka hotelini, na aproni yake, na glavu moja ya mpira aliyosahau kuivua. Alikaa karibu na Islande akaushika mkono wake kwa ule usio na glavu. Hakulia. Alikuwa anasema zaburi chini kwa chini, na kila baada ya mistari michache alisema, "Afadhali ulikuwapo, komè. Afadhali ulikuwapo."

Bi Tierney alikuwepo pia, amesimama, ana faili. Alimwita Islande pembeni, hatua tatu tu, wala si mbali.

"Nimeandika kwamba nilimkuta amekaa," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani alilia kweli. "Kwamba hakuna aliyemgusa. Ni bora kwenu, Islande. Kitabu kinakataza kabisa kumwinua aliyeanguka. Wakijua, watawawajibisha wewe na Anacia, si nyumba. Unajua na mambo ya vibali vya Anacia yalivyo. Sema tu alikaa mwenyewe. Nami nitawatetea."

Kwa siku elfu moja na mia nne Islande alikuwa akiwasaidia watu hawa kutoona. Sasa walikuwa wanamshukuru, na kumwomba aendelee.

Daktari akaja, mwanamke kijana aliyechoka, kofia ya upasuaji bado kichwani. Aliketi mbele yao ili asizungumze nao akiwa amesimama. Uti wa mgongo umebanwa, alisema. Wanampeleka kupasuliwa sasa hivi. Hawezi kuahidi.

"Kabla sijaingia kuna jambo lazima nilijue," alisema. "Karatasi hii inasema alianguka, kisha akakaa mwenyewe kwenye kiti. Kwa picha ninayoiona, sielewi angewezaje. Kuna mtu yeyote aliyemwona akiwa bado chini? Miguu ilikuwa inacheza?"

Bi Tierney alisafisha koo. Mimose aliacha zaburi, akamgeukia komè wake kwa matumaini, kwa kuwa swali lilikuwa la mtu aliyekuwapo, na aliyekuwapo alikuwa ni yeye.

"Ilikuwa inacheza," Islande alisema. "Mguu wa kulia. Niliuona kwa macho yangu. Kiatu kilikuwa kinakwaruza sakafu."

"Halafu?"

"Halafu nikamwinua. Mimi, kwa mikono hii. Nikamweka kwenye kiti ili asionekane ameanguka. Tulipomweka, ukaacha."

Daktari aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe, akashukuru, akaondoka kwa hatua za haraka. Bi Tierney alilifunga faili lake.

Mimose alikuwa bado ameushika ule mkono. Aliutazama, akauinua kwa uangalifu, akauweka juu ya paja la Islande kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Kisha akasimama, akaenda kukaa kiti cha mwisho cha safu ile, karibu na mlango waliompitishia mwanawe.